Tupeane uzoefu: gari la zamani, vitu vya ndani na picha za bima

Mama Kiborloni: Wadau, jirani yangu kaibiwa TV na cherehani. Bima wanamwuliza, una uthibitisho gani ulikuwa navyo? Kabaki anawatazama tu. Nani yamemkuta?

Njoro kwetu: Mimi hupiga picha hadi ile namba ya nyuma ya TV, na risiti pembeni.

Sakina74: Niacheni niseme langu, limenikaa kifuani. Land Rover ya marehemu baba, Series III ya 1974. Niliipeleka gereji Unga Ltd ipigwe rangi, usiku gereji ikashika moto. Bodi ya gari lile ni aluminiamu. Nilipofika asubuhi, mlango wa dereva ulikuwa umeyeyuka, umetiririka na kuganda sakafuni kama nta ya mshumaa. Mkadiria hasara akalizunguka mara moja, akaandika: gari kuukuu, limechakaa. Giaboksi nimebadilisha, viti nimeshona upya, taa za asili nimezisaka miaka miwili! Ushahidi sina. Tumepekua albamu, tukapata picha moja ya send-off ya dada yangu, gari limefunikwa maua na riboni, hata rangi huioni vizuri. Nililala chini nikasugua kwa msasa mkono wa springi ya mbele kulia mpaka namba ya chesisi ikasomeka. Gari wamekubali ni lenyewe. Hali yake kabla ya moto ndiyo wamekataa. Wameniletea hati nisaini, hela ya mkweche. Baba alitubeba humo kwenda Marangu kila Krismasi.

Njoro kwetu: Pole sana ndugu yangu.

Fundi Kijenge: Series III grili yake plastiki. Yako ilikuwa plastiki au waya?

Mama Kiborloni: Mwenzio kaunguliwa na gari la baba yake, wewe unaleta grili?

Fundi Kijenge: Mama, sina ubaya. Mkadiria anahesabu kifaa kimoja kimoja. Bila picha ya karibu, cha asili na cha kuokoteza kwake ni sawa.

Sakina74: Plastiki, fundi. Imeungua yote.

Usa River: Ilikuwa bima kubwa? Maana thadi pati hailipi gari lako hata upige picha elfu.

Sakina74: Kubwa. Nalipa kila mwaka.

Mzee wa Pasua: Gari la zamani mwite mthamini kabla ya kukata bima, thamani mliyokubaliana iandikwe kwenye mkataba. La sivyo wanakupa bei ya soko.

Usa River: Na picha msirushe WhatsApp hivi hivi, tarehe inafutika. Tuma kama dokumenti, au jitumie kwa baruapepe.

Mzee wa Pasua: Simu zinaibiwa. Safisha picha, mpe shangazi azifungie kabatini.

Njoro kwetu: Na nyumba ya shangazi ikiungua?

Mama Kiborloni: Popote, ila siyo status! Unawachorea wezi ramani.

Fundi Kijenge: Sakina, ile hati umeshasaini?

Sakina74: Bado. Iko mezani.

Fundi Kijenge: Usisaini. Wakigoma, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Halafu ile send-off haikuwa na mtu wa video? Wale lazima walizunguke gari la bibi harusi, na ndani wanaingia.

Sakina74: Alikuwepo! Mungu wangu. Nampigia dada sasa hivi.