Mjadala: Mtoto aliyetendewa uhalifu ahojiwe mara ngapi, na nani ashike faili lake?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Naleta hoja ambayo najua itawagawa hata watu wa fani moja.

Mtoto wa miaka 9 amefanyiwa ukatili, amejikaza akamwambia mwalimu wake. Mwalimu anampeleka kwa mkuu wa shule, anasimulia tena. Polisi, askari wa kaunta anamuuliza mbele ya foleni, kisha mpelelezi anaanza upya. Hospitali anaulizwa mapokezi, halafu anaulizwa na daktari. Afisa ustawi wa jamii anakuja na fomu yake. Miezi inapita, mwendesha mashtaka naye anataka kumsikia, na mwisho kabisa mahakamani. Kote huko swali ni lile lile: ilikuwaje? Mtoto anayeulizwa tena na tena huamini kwamba jibu lake la mwanzo halikukubalika, basi analibadilisha. Kesi inaanguka kwa sababu maelezo yake "yanakinzana".

Msimamo wangu ni huu: mtoto asimulie mara moja, kwa mtu aliyefunzwa kuhoji watoto, na idara zote zichukue kutoka hapo. Tena kila mtoto awe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, simu yake inapokelewa, anayelijua faili lote na kuwajibika kwalo mpaka mwisho.

Jambo hili limeshafanyika kwingine. Mwaka 1985 huko Huntsville, Alabama, mwendesha mashtaka Bud Cramer alianzisha kituo ambako polisi, ustawi, madaktari na waendesha mashtaka walikaa pamoja juu ya kesi ya mtoto badala ya kumzungusha. Iceland ilifungua Barnahus, nyumba ya watoto, mwaka 1998. Chumbani yumo mtoto na mhoji mmoja tu. Chumba cha pili wamekaa jaji, mpelelezi, mwendesha mashtaka, wakili wa upande wa utetezi na mtu wa ustawi, wanafuatilia kwenye skrini. Mwenye swali analipitisha kwa mhoji, naye analigeuza kuwa lugha ya mtoto. Mahojiano yanarekodiwa na rekodi inatumika mahakamani. Uchunguzi wa daktari na tiba ya kisaikolojia vinapatikana humo humo.

Kwa nini hili lisiwe lazima kisheria kwa idara zote? Karibuni.

Mchangiaji (nesi, idara ya dharura)

Nakuunga mkono nusu. Idara zote zikikaa chini ya paa moja, wenye sauti kubwa ni polisi na waendesha mashtaka, maana wao ndio wenye tarehe za mahakama. Taratibu huduma inageuka kuwa mlango wa kukusanyia ushahidi.

Dawa za kukinga maambukizi ya VVU baada ya kubakwa lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema ndivyo zinavyokinga vizuri zaidi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina saa 120. Saa hizo hazingoji fomu ya mtu. Nimeshuhudia mama amefika na binti yake mapokezi akaambiwa aanzie polisi kwanza. Akamshika binti mkono, wakatoka. Baadaye tukasikia kwamba aliyemfanyia binti ndiye aliyekuwa anawalipia kodi ya nyumba. Kwa polisi hawakwenda, na kwetu hawakurudi. Yule binti bado namuwaza.

Kwa hiyo anayetaka kuunganisha idara aandike hili juu kabisa: tiba kwanza, bila sharti la kufungua kesi.

Mchangiaji (wakili wa utetezi)

Nitasema lisilopendwa. Mshtakiwa ana haki ya kuhoji ushahidi unaoweza kumfunga. Mahojiano yakiwa ya mara moja, na yakafanyika kwenye nyumba ya watu ambao tayari wameshaamua nani mkosaji, haki hiyo inabaki kwenye karatasi tu. Mhoji akiuliza "alikushika wapi?" kabla mtoto mwenyewe hajasema kwamba ameshikwa, ameshampa jibu. Likishaharibika hapo, hakuna pa kulirekebishia.

Hata hivyo hicho chumba cha pili ulichokieleza kinanituliza, mkuu, kwa sababu utetezi upo pale pale. Nikipata nafasi ya kupitisha maswali yangu wakati mambo yangali mabichi kichwani mwa mtoto, sina sababu ya kumkabili miaka 2 baadaye mbele ya ukumbi mzima. Ila usiifunge kwenye "mara moja". Mkataba wa Lanzarote wa Baraza la Ulaya wa 2007, unaohusu kulinda watoto dhidi ya ukatili wa kingono, unataka mahojiano yawe machache iwezekanavyo. Jambo jipya likijitokeza, mahojiano ya pili yaruhusiwe, na mhoji awe yule yule.

Mchangiaji (mwalimu wa sekondari)

Sisi tunaambiwa toeni taarifa. Tukishatoa, kimya. Jumatatu mtoto yuko darasani, mimi sijui kama mtuhumiwa yuko nje kwa dhamana, sijui nani nimruhusu amchukue getini. Alichotendewa sihitaji kukijua. Nahitaji kujua nani asimsogelee.

Mchangiaji (mhudumu wa vijana)

Wote mnamwona mtoto wa miaka 9. Mimi nawaletea wa miaka 17, wa kiume, amechomwa kisu. Polisi wanamjua kama mtuhumiwa wa kesi nyingine, kwa hiyo hakuna anayemhesabu kuwa mtendewa. Akijua kwamba neno lolote atakalomwambia daktari litafika polisi kabla jeraha halijashonwa, hatasema kitu, au atakimbia na nyuzi zake. Hizo taarifa mnazotaka zitembee ndizo zitakazotumika dhidi yake.

Tukumbuke ya ContactPoint. Kwa Sheria ya Watoto ya 2004, serikali ilijenga kanzidata ya watoto wote wa England ili idara zionane. Mwaka 2010 ikafungwa, baada ya malalamiko mengi kuhusu faragha na usalama wake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto asikilizwe kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Huyu wa miaka 17 nani amemuuliza kama anataka habari zake ziende ustawi, shuleni na polisi?

Mleta mada

Kaka, umegonga penyewe, na sitaki kulipita juu juu.

Kanzidata ile ilitokana na msiba. Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8, alifariki London Februari 2000 kwa mateso ya shangazi wa mzazi wake na mwanaume aliyeishi naye. Maafisa ustawi walikuwa wamekutana na kesi yake. Hospitali mbili zilimlaza. Polisi walimjua. Uchunguzi wa Lord Laming, uliotolewa 2003, ulionyesha kwamba idara zilipata angalau nafasi 12 za kumwokoa. Kila ofisi ilikuwa na kipande chake, na aliyepaswa kuviweka vipande hivyo pamoja hakuwepo. Kwa maoni yangu jibu lililotolewa lilikuwa kubwa kuliko tatizo: orodha ya mamilioni ya watoto, wakati kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza "huyu mtoto leo yuko wapi?"

Tena si kila taarifa inahitaji jina. Kule Cardiff, Wales, Profesa Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji, aliandaa utaratibu ambapo idara ya dharura inawauliza majeruhi wa ugomvi mahali, saa na silaha, kisha inawapa polisi na halmashauri bila jina la mtu. Utafiti uliochapishwa 2011 katika jarida la kitabibu la BMJ ulionyesha kwamba waliolazwa kwa kujeruhiwa walipungua ukilinganisha na miji inayofanana na Cardiff. Kijana wako angeshonwa na kutulia, na mji bado ungejua kona ipi inahitaji ulinzi.

Basi naiweka hoja yangu upya. Mwalimu apewe la getini, daktari la mwilini. Simulizi lenyewe libaki kwa mhoji, mpelelezi, utetezi na mahakama. Kijana aambiwe kabla hajafungua mdomo ni nani watakaosikia, na ni lipi haliwezi kufichwa, kama vile hatari ya uhai wake au wa mtoto mwingine. La dada nesi nalichukua zima. La wakili kuhusu mahojiano ya pili pia. Na mshika faili asitoke polisi wala kwa mwendesha mashtaka, kwa sababu kesi inaweza kufutwa kesho na mtoto akabaki hapati usingizi.

Mchangiaji (mpelelezi)

Mnasema vizuri, lakini nyumba za aina hiyo hujengwa mjini. Na huyo mshika faili akihamishwa? Sisi tunahamishwa kila siku. Halafu la mwisho: mimi sipokei amri kutoka ustawi. Akinipigia simu nisipofanya, atanifanya nini?

Mleta mada

Afande, jengo linaweza kusubiri. Chumba tulivu, kinasa sauti na picha, mhoji aliyefunzwa, na makubaliano yaliyosainiwa yanayosema nani anampigia nani ndani ya saa ngapi, hivyo havisubiri. Mhoji anaweza hata kusafiri kumfuata mtoto. Uhamisho upo, basi makabidhiano yafanyike mtoto akiwepo: anayeondoka amtambulishe anayekuja, na mtoto aambiwe kwamba mgeni ameshalisoma faili, hataulizwa upya.

Kuhusu amri, umeuliza swali ambalo mikutano mingi ya uratibu hulikwepa. Mtu wa kukumbusha tu bila meno hatamsaidia mtoto yeyote. Idara isipotekeleza ilichosaini ndani ya muda, mshika faili awe na haki kisheria ya kwenda moja kwa moja kwa hakimu wa mahakama ya watoto, na mkuu wa idara hiyo aitwe kujieleza. Mengine yote tunaweza kujadiliana. Hili sitalegeza.