Eti muuguzi wetu awe wa Jumatatu na Alhamisi tu. Tufanyeje?

Katibu wa Kisiwani
Asalaam aleikum wana jukwaa. Naandika kutoka kijiji kimoja kisiwani Pate, jina nalihifadhi. Mimi ni katibu wa kamati ya zahanati. Tuna muuguzi mmoja tu, mwajiriwa wa kudumu, mwaka wa sita huu, anatujua mpaka ugomvi wetu. Juzi tumeambiwa kwa mdomo kwamba atakuwa akija siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki ahudumie zahanati nyingine. Sababu ni kwamba tu wachache.

Wachache ni kweli. Lakini uchungu wa uzazi haungoji Alhamisi. Hospitali kubwa iko Lamu mjini, na boti hufuata maji. Yakikupwa, pale kwenye mlango wa bahari wa Mkanda hapapitiki, usubiri yajae ama uzunguke nje, na wakati wa kusi huko nje mnajua wenyewe. Wazee wanataka twende Mokowe, makao makuu ya kaunti, tuandamane. Mimi naona tutapiga kelele, tupewe soda, turudi. Nishaurini.

Shabani wa Mjini
Hamieni Lamu mjini, mambo yaishe.

Nahodha Mstaafu
@Shabani, na nyavu tutandaze barazani kwako? Katibu, hesabu kwanza mafuta ya boti za kupeleka watu mia Mokowe. Fedha hizo mngeezeka nyumba ya huyo muuguzi.

Mwanasheria Mtoro, Malindi
Dai barua kwanza. Neno la mdomo halina wa kulijibia. Pili, msihangaike na mbunge: afya ya zahanati imekuwa mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Mnaye mwakilishi wadi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Liandikeni, lipate sahihi na namba za vitambulisho, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Na angalieni kalenda. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mkilalamika Agosti, mishahara imeshapangwa.

Sista wa Zamani
Nimefanya kazi visiwani miaka mingi, basi nivumilieni nikirefusha.

Kamati nyingi hupigania karatasi na kumsahau mtu. Mimi sikuondoka kwa sababu ya mshahara, marupurupu ya mazingira magumu nilikuwa nikiyapata. Niliondoka kwa sababu paa lilivuja misimu miwili, kisima kilikuwa cha chumvi, na mwaka mzima nililala na simu kifuani kwa kukosa wa kunishika zamu. Nikienda likizo, mlango unafungwa. Mlango ukifungwa, daftari halina wagonjwa. Halafu mtu wa ofisini anafungua daftari, anasema: hapa hapana kazi.

Kwa hiyo katibu, kaa na daftari lenu usiku mmoja. Tenga waliokuja usiku, na waliokuja siku zisizo Jumatatu wala Alhamisi. Andika pia habari ya friji ya chanjo: joto lake lapaswa kuwa kati ya digrii 2 na 8, na husomwa asubuhi na jioni, kila siku. Umeme ukikatika Ijumaa, nani atajua? Mtoto huchomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ikiharibika, mama kabeba mwana juani bure, na safari ya pili haji.

Swali langu la mwisho: mmemuuliza yeye mwenyewe? Huenda siku mbili hizo kaziomba.

Katibu wa Kisiwani
Sista, umenichoma. Nimekwenda kwake jana baada ya isha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema hakuomba kupunguziwa siku. Aliomba msaidizi, mara tatu, kwa barua. Jibu lililorudi ndilo hili. Nakala za barua anazo zote, sisi kamati hatukuwahi kuziona wala kuuliza. Na mwaka wa pili huu hajaenda likizo.

Mwanasheria Mtoro, Malindi
Basi barua hizo tatu ziwe kiambatisho cha kwanza cha ombi lenu. Lakini mpate idhini yake, asije akaonekana mchochezi. Na ombeni nafasi ya pili, msiombe tu hii isiguswe.

Nahodha Mstaafu
Na paa?

Katibu wa Kisiwani
Paa tunaanza Jumamosi, makuti yamepatikana, na mafundi ni vijana wetu. Tangi la maji tunachangisha msikitini na kwa walioko Mombasa. Daftari nimelichukua kwa ruhusa yake. Nimefika mwezi wa tatu tu, na waliokuja usiku nimeshahesabu 19.

Shabani wa Mjini
Akaunti ya mchango ni ipi?