Macho yananisumbua tangu hedhi ikome: hivi vidonge vya homiopathi vinasaidia kweli?

FundiNgamiani

Asalaam aleikum wana jukwaa, na habari kwa wote.

Mimi ni mama wa miaka 52, fundi cherehani, nipo Ngamiani hapa Tanga mjini. Hedhi ilikoma mwaka jana. Ya joto kupanda ghafla na kulowa jasho usiku niliyasikia mapema kwa dada zangu, kwa hiyo hayakunitisha. Ya macho hakuna aliyenidokeza. Nikiamka yanachoma, nahisi mchanga ndani. Nikikaa mbele ya feni yanatiririka machozi mpaka wateja wanadhani nimefiwa. Uzi wa sindano natungiwa na binti wa jirani. Na hivi karibuni, jioni kichwa kikiuma, taa za bodaboda naziona zimezungukwa na duara lenye rangi.

Jirani akanipeleka kwa mtaalamu wa tiba mbadala. Alinisikiliza vizuri sana, akaniuliza mpaka ndoto ninazoota na kama napenda chumvi. Kanipa Sepia 30C kwa ajili ya kukoma hedhi, Ruta 30C kwa macho yaliyochoshwa na kushona, Belladonna 3X kwa wekundu na kichwa, na matone ya Euphrasia ya kutia machoni, ambayo sijayafungua. Anasema hii ni homiopathi, imetoka Ujerumani, haina kemikali wala madhara. Ila nisiende hospitali kwanza, maana dawa zao zitaua nguvu ya vidonge. Hapo ndipo roho ilipoanza kusita.

Aliyetumia au anayejua anisaidie. Kejeli wekeni pembeni, tafadhali.

MgosiWaKaya

Shikamoo mama. Nimeingia nikidhani ni uzi wa Coastal Union, nimekuta mambo ya wakubwa. Nakaa pembeni nisome, mama yangu naye umri ni huo huo.

UmmAisha_Raskazone

Dada yangu, pole. Mimi naitetea homiopathi kwa ushahidi wa nyumbani. Mama yangu ana miaka 68, alikuwa hawezi kusoma msahafu bila miwani. Akapewa matone ya Cineraria, akayatumia kwa muda. Sasa hivi miwani kaitupa kabatini, anasoma herufi ndogo mwenyewe, mashaallah. Hospitali walikuwa wameshamtajia operesheni. Na yule mtaalamu alikaa naye saa nzima. Hospitali utakaa foleni tangu alfajiri, ukiingia ndani unaandikiwa dawa kabla hujamaliza sentensi.

Deiwaka_Mikanjuni

Nenda duka la dawa omba yale matone ya deksamethasoni. Mimi macho yalikuwa mekundu, siku mbili tu kwishnei. Mnajitesa bure.

MuuguziMacho

Nafanya kazi kliniki ya macho. Si daktari, na simwoni mgonjwa, kwa hiyo chukueni haya kama mazungumzo.

Kwanza Deiwaka, huo ushauri ufute. Deksamethasoni ni steroidi. Inaondoa wekundu haraka, ndiyo maana watu wanaipenda, lakini ukiitumia muda mrefu bila kupimwa inapandisha presha ya jicho na inaleta mtoto wa jicho. Tunawapokea wengi walioanza hivyo hivyo.

Dada Fundi, unachokiita tatizo la macho mimi naona kinaweza kuwa vitu vitatu au vinne vilivyorundikana. Kushindwa kutunga uzi ni umri. Lenzi ya jicho inakakamaa kidogo kidogo, na kuanzia miaka 40 hivi kila mtu anaanza kusogeza gazeti mbali. Hedhi haihusiki, wanaume wanapata vile vile. Dawa yake ni miwani ya kusomea, na mtu wa miaka 50 mara nyingi anaangukia karibu na +2.00. Hakuna kidonge, cha hospitali wala cha homiopathi, kinachoirudisha lenzi ujanani.

Kuchoma na kuhisi mchanga, hapo ndipo kukoma hedhi kunapoingia. Machozi yana tabaka la mafuta juu yake, linalotoka kwenye vijitezi vya kwenye kope. Ni kama mafuta yanayoelea juu ya mchuzi, yanauzuia usikauke upesi. Tezi hizo zinategemea homoni, na homoni zikishuka mafuta yanapungua, machozi yanakauka haraka, jicho linawashwa, halafu linajibu kwa kumwaga machozi mepesi yasiyo na mafuta. Kwa hiyo unalia na macho ni makavu. Watu hawaniamini nikiwaambia.

Sasa hiyo duara ya rangi kwenye taa pamoja na kichwa kuuma jioni, hiyo sitaki tuichezee. Inaweza kuwa ukavu tu, au mtoto wa jicho anaanza. Lakini inaweza kuwa presha ya jicho inayopanda na kushuka kwa sababu njia ya kutolea maji ndani ya jicho ni nyembamba, na wanawake waliovuka umri wa hedhi wanaipata zaidi kuliko wanaume. Nikuulize: kwenu kuna aliyepofuka? Una sukari au presha ya damu?

Na UmmAisha, samahani mwaya, huyo mama mlete apimwe. Mtu mzima aliyekuwa anahitaji miwani kisha ghafla anasoma bila miwani, sisi tunashtuka. Mtoto wa jicho wa aina moja anaanzia katikati ya lenzi, anaikaza, na jicho linageuka la kuona karibu. Kusoma kunarudi. Muulize sasa kama anaitambua sura ya mtu aliye ng'ambo ya barabara. Hali hiyo ni ya kupita: lenzi ikiendelea kuwa nzito, na kusoma nako kunaondoka.

UmmAisha_Raskazone

Lahaula. Nimemwita nje nimemuuliza aliyesimama kwenye duka la pili ni nani. Kasema ni mwanaume. Alikuwa shangazi yangu.

FundiNgamiani

Sukari sijui, sijapima. Presha ya damu ninayo, natumia dawa. Aliyepofuka ni baba, Pangani, jicho moja halafu la pili. Waliita presha ya macho, lakini alikwenda hospitali wakati haoni pembeni kabisa, akawa anagonga milango. Sikulitaja mwanzoni kwa sababu nilijua ni uzee wake.

MuuguziMacho

Basi usisubiri. Presha ya jicho ya aina ile ya kimya haiumi. Inakula mshipa wa fahamu wa jicho kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi kwa dawa yoyote. Matone na operesheni vinalinda kilichobaki tu. Sisi Waafrika inatukamata zaidi na mapema, na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Nenda kliniki ya macho wiki hii, hospitali ya Bombo au popote penye kipimo cha presha ya jicho. Na usiku wowote jicho likiuma vibaya, likawa jekundu, uoni ukafifia na ukaanza kutapika, usingoje asubuhi. Hiyo ni dharura.

Ile Belladonna iache leo. Mwalimu_Lushoto akipita hapa ataeleza vizuri kuliko mimi.

Mwalimu_Lushoto

Nimepita. Nimefundisha kemia miaka mingi, na homiopathi ni somo zuri sana la hesabu za myeyusho.

Aliyeianzisha ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Wazo lake: kinachomletea dalili mtu mzima wa afya, kikipewa kwa kiasi kidogo kabisa kitaziponya dalili hizo kwa mgonjwa. Msimcheke. Enzi zake madaktari walikuwa wanawatoa wagonjwa damu na kuwanywesha zebaki. Mgonjwa wa Hahnemann aliyepewa maji alikuwa na nafasi nzuri ya kupona kwa sababu tu hakuna aliyemdhuru.

Alama 30C maana yake unachukua sehemu 1 ya dawa kwenye sehemu 99 za maji au spiriti, unatikisa, unachukua sehemu 1 ya hiyo unarudia, mara 30. Mwisho wake dawa iliyobaki ni sehemu 1 kwa 1 yenye sifuri 60 nyuma yake. Ukishavuka mara ya 12 hivi, uwezekano wa kukuta hata molekuli moja ya ile dawa ya mwanzo ni mdogo mno. Kwa hiyo Sepia 30C, ambayo chanzo chake ni wino wa ngisi, haina ngisi. Ruta 30C haina Ruta. Unakula sukari. Haikudhuru, haikutibu. Baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti zote zilizopatikana na mwaka 2015 likasema hakuna ugonjwa ambao homiopathi imeonyesha kwa ushahidi wa kuaminika kwamba inausaidia. Mwaka 2017 huduma ya afya ya England ikawashauri madaktari wake waache kuiandika.

Lakini 3X ni habari nyingine. Hapo ni mara 3 tu, kila mara sehemu 1 kwenye sehemu 9, yaani mwisho wake sehemu 1 kwa 1,000. Wenyewe wanaamini namba kubwa ndiyo kali, kumbe kikemia namba ndogo ndiyo yenye kitu ndani. Belladonna ni mmea wenye atropini, na atropini inatanua mboni. Kwa jicho ambalo njia yake ya maji ni nyembamba, kutanuka kwa mboni ndiko kunakoweza kuifunga kabisa. Pengine kwenye vidonge vyako ni kidogo mno kufanya lolote. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipima vidonge vya homiopathi vya watoto wanaoota meno na kukuta kiwango cha belladonna hakilingani kutoka kidonge hadi kidonge, vingine vimezidi mbali kilichoandikwa. Mimi nisingebahatisha.

UmmAisha_Raskazone

Mwalimu shikamoo. Lakini mbona kuna wanaopona?

Mwalimu_Lushoto

Marahaba mwanangu. Macho makavu yana siku nzuri na siku mbaya. Kaskazi ikivuma na vumbi yanawaka, mvua zikinyesha yanatulia. Mtu anatafuta dawa siku mbaya, inayofuata lazima iwe afadhali, na sifa anapewa aliyekuwa karibu. Ongeza na kusikilizwa saa nzima. Hilo la kusikilizwa nawapa homiopathi maksi zote, hospitali zetu zijifunze.

TibaKamili_Inbox

Nina mafuta ya mbegu yanasafisha mtoto wa jicho bila operesheni, njoo inb

*[Tangazo limeondolewa. Msimamizi.]*

BintiChumbageni

Da Fundi, mimi nina 55, nilipita huko. Dada mmoja kazini aliniambia nitafute vidonge vya homoni, kama macho ni ya kukoma hedhi basi homoni zirudishwe. Daktari wangu akakataa kuniandikia kwa sababu ya macho peke yake. Akanieleza kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2001, wanawake zaidi ya 25,000 waliokwisha koma hedhi, na waliokuwa wanatumia estrojeni, ile homoni ya kike, peke yake ndio waliolalamika zaidi macho makavu. Sikutegemea.

Kilichonisaidia ni vitu vya bei ndogo. Kitambaa safi, maji ya moto ya kuvumilika, unakanda kope ukiwa umefumba macho kama dakika 10, kisha unazisugua taratibu kuelekea ukingoni, nywele za kope zinapoota, yale mafuta yaliyoganda yatoke. Asubuhi na jioni. Matone ya machozi ya bandia, yale yasiyo na steroidi. Feni geuza isikupige usoni. Ukishona unasahau kupepesa, kwa hiyo kila ukimaliza mshono fumba macho kidogo. Na jiko la kuni hamishia nje ya kibanda.

Wanja je, unapaka? Nilikuwa siachi wanja wa manga, kwa ndani kabisa kama alivyonifundisha bibi. Ule unaziba vile vijitezi, na wanja mwingine wa kusaga umekutwa na madini ya risasi. Sasa napaka nje, siku ya harusi tu.

MgosiWaKaya

Na asali je? Bibi yangu wa Muheza anatia asali machoni. Kuna wanaotia hadi maziwa ya mama.

MuuguziMacho

Mgosi, mwambie bibi asali aweke kwenye chai. Chochote kisichotengenezwa bila vijidudu kikiingia jichoni kinaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho, na kovu lake halitoki. Ndiyo maana na hayo matone ya Euphrasia nasema yasifunguliwe. Kidonge cha sukari kinapita tumboni, tumbo lina ulinzi wake. Tone linafika jichoni moja kwa moja. Septemba 2023 mamlaka hiyo hiyo ya dawa ya Marekani aliyoitaja Mwalimu iliziandikia barua za onyo kampuni 8 kwa kuuza dawa za macho zisizoidhinishwa.

BintiChumbageni kaeleza vizuri, sina la kuongeza ila sabuni: mikono kwanza, ndipo kope.

FundiNgamiani

Allah awalipe kheri nyote. Belladonna nimeiweka kando, nitakwenda nayo nionyeshe. Vile vingine viwili nikivimaliza kuna ubaya? Nimevinunua kwa hela yangu.

Mwalimu_Lushoto

Maliza mwanangu, ni sukari. Ila pima kwanza hiyo ya damuni.

FundiNgamiani

Hahaha. Na nikishapimwa naweza kurudi kushona siku hiyo hiyo? Nina sare za shule za watu.

MuuguziMacho

Usiwaahidi. Mara nyingi tunatia matone ya kutanua mboni ili daktari aone mshipa ulio nyuma, na saa kadhaa baada ya hapo vya karibu vinakuwa ukungu na jua linachoma. Kwako watapima presha kwanza na kuangalia upana wa ile njia kabla ya kutia. Waambie habari ya duara la taa na ya baba yako mwanzo kabisa, usingoje uulizwe. Beba vichupa vyote pamoja na dawa zako za presha ya damu. Usiende peke yako.

UmmAisha_Raskazone

Fundi, mimi nampeleka mama Jumatatu. Twende wote, nina bajaji ya mtu wa nyumbani, tutakupitia Ngamiani. Ila mama nikimtajia operesheni hapandi.

FundiNgamiani

Usimtajie. Mwambie unamsindikiza fundi wako kupimwa macho, na yeye akifika atapimwa kwa sababu foleni ameshaikaa. Nipo Barabara ya 13, nitakuwa nimekaa nje.