Wavaaji wa buti za kauboi tukutane hapa, tupeane uzoefu

Wakuu, hizi buti zinaulizwa sana lakini majibu mengi ni "zinapendeza" basi. Hebu tuelezane: ulichagua vipi, unavaa na nini, na wapi zilikutesa?

Naanza. Zangu ni ngozi nyeusi ya ng'ombe, ncha imechongoka kiasi, mishono michache. Navaa na suti, suruali inashuka juu yake, na hakuna anayegundua mpaka nikae nikunje nne. Dukani urembo nauweka pembeni kwanza. Buti hazina kamba, kwa hiyo kinachoushika mguu ni pale juu, kwenye mgongo wa mguu. Pakikaza bila kuuma, hiyo ni saizi yako. Kisigino chako kikipandapanda ndani kidogo, kama sentimita moja, usiogope. Soli bado ngumu, ikianza kukunjika kinatulia. Ila vidole vikibanwa, rudisha hapohapo. Ngozi hutanuka kwa upana, urefu hauongezeki.

—

Mimi nashinda na farasi. Kile kisigino kirefu si cha maringo: kinazuia mguu usipenye wote kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kwenye tandiko. Na soli ya ngozi inateleza, kwa hiyo ukianguka mguu unachomoka haraka badala ya kuburutwa. Lakini nikishuka nikaanza kusafisha zizi, kiuno kinalia. Kazi za chini navaa zile zinazoitwa ropa: shingo fupi, kisigino cha inchi moja hivi, soli ya raba.

—

Kwenye muziki soli ya ngozi haina mpinzani, unazunguka bila goti kukwama. Tatizo vigae vikilowa, unatembea kama mtoto anayejifunza! Usikimbilie kubandika raba kama unazitaka za kucheza, nunua nyingine za mvua.

Kwa akina dada: gauni likiishia palepale kwenye mdomo wa buti, wewe unaonekana mfupi. Ama lifunike mdomo kabisa, ama liache mguu uonekane. Na wenye shavu la mguu nene, pimeni mzunguko wa shingo ya buti kabla ya kulipa.

—

Za chatu na mamba je? Nataka za harusi.

—

Mkuu, zinavutia, ila harusini zitazungumza kuliko bwana harusi. Pia wanyama hao wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ukivuka mpaka nazo unaweza kudaiwa kibali. Ng'ombe iliyopigwa kiwi vizuri inatosha kabisa.

—

Zikilowa msizianike karibu na moto. Za kaka yangu zilipasuka pale zinapokunjika, fundi akazikataa. Jaza magazeti ndani, yabadilishe yakilowa, weka kivulini, zikikauka ndipo upake mafuta ya ngozi.

—

Mbona hamsemi kuhusu kuvua? Ukialikwa mahali viatu vinabaki mlangoni, umekwisha. Mimi nina kibao chenye pengo la V: nakanyaga kwa mguu mmoja, kisigino cha mwingine kinanasa, navuta. Kabla ya hapo nilikuwa nalala chali mtu ananivuta.

—

Mleta mada, soksi gani?

—

Ndefu, zipite nusu ya shingo ya buti. Fupi zinashuka zinajikusanya chini ya unyayo, na huwezi kuzipandisha bila kuvua buti mbele za watu.