Siku tano Lamu na mama mzee na watoto wawili: Agosti au Desemba?

mama_wawili, Nakuru

Habari zenu watu wa pwani. Tunapanga kwenda Lamu siku tano. Tuko watano: mimi, mume wangu, mamangu wa miaka 68 (goti moja linamsumbua na anameza dawa za presha), na watoto wa miaka 6 na 11. Likizo tunazoweza kutumia ni mbili, ya Agosti na ya Desemba. Mume anataka basi kwa sababu ya gharama, mimi nataka ndege. Nyumba za Shela, kile kijiji cha ufuoni kando ya mji wa Lamu, zinanivutia kwenye picha, lakini nasikia gari hazifiki, sasa mama atafikaje na mizigo? Na boti za kuzunguka visiwa, bei inapangwaje? Kila ninayemuuliza ananitajia pesa tofauti, na hakuna anayesema ndani ya hiyo bei kuna nini.

tanga_mbili

Desemba, dadangu. Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Ufuo wa Shela haukingwi na mwamba, unatazama bahari kuu waziwazi, kwa hiyo kusi ikikaza mawimbi yanaingia moja kwa moja na maji yanavurugika. Ukivaa miwani ya kuzamia unaona ukungu tu. Samaki nao hupungua sokoni na kupanda bei, maana vyombo vidogo haviwezi kutoka nje. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huanza kushika Novemba na kwenda hadi Machi. Bahari inatulia, maji yanang'aa, na hapo ndipo safari za kuangalia samaki huwa na maana. Mei na Juni usifikirie kabisa, ni mvua, na nyumba nyingi za wageni Shela hufungwa zifanyiwe ukarabati.

Kuhusu boti. Bei huwa ya chombo kizima, si ya kichwa. Anayekutajia bei ya kichwa pale ufukoni mara nyingi ni dalali, na fungu lake liko ndani ya bei hiyo. Omba kuonana na nahodha mwenyewe, ukione chombo, ndipo mpatane. Mkipatana taja kila kitu kwa jina: mafuta ya mashine, samaki na wali wa mchana, maji ya kunywa, miwani na mipira ya kupumulia, ada za kuingia mahali, na saa ya kurudi. Kisichotajwa utakilipia baadaye. Lipa nusu asubuhi, nusu mkishuka.

Majaketi ya kuokoa maisha yaone kwa macho kabla ya kutoa pesa, na yawe ya kimo cha watoto. Jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto wa miaka 6, akiingia majini linapanda juu na yeye anachomoka chini.

Watu wengi watakuuzia safari ya kisiwa cha Manda Toto. Ni pazuri, lakini jua jiografia yake. Iko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Manda, kwa hiyo Desemba unaenda ukikabili upepo. Chombo cha tanga tupu kitapiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku, mpaka watoto wachoke; kurudi ndiko rahisi. Uliza kama kuna mashine. Pili, njia ya ndani inapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda ni wa kina kifupi. Nahodha akipima vibaya maji yanawapwea, mnakaa juu ya tope mkingoja yajae. Nahodha anayekupa saa ya kuondoka bila kwanza kufikiria maji yako vipi siku hiyo, mwache.

bint_langoni

Kwa mama yako, swali la kwanza ni ngazi, hilo la gari si kitu. Nyumba za mji mkongwe zimejengwa kwenda juu, ghorofa mbili au tatu, na ngazi zake ni nyembamba na vidato virefu. Chumba kile cha juu kabisa chini ya makuti, chenye upepo na mandhari ya bahari, ndicho wanachokipiga picha, na ndicho goti lake haliwezi. Mwambie mwenye nyumba: nataka chumba cha chini, na choo kiwe sakafu hiyohiyo. Akutumie picha ya ngazi pia. Nyumba nyingine chumba kiko chini lakini kula ni darini, na mama atapanda mara tatu kwa siku.

Halafu jeti. Maji yakiwa yamejaa boti inalingana na jeti na mtu anavuka kwa hatua moja. Yakipwa, boti iko chini na ngazi zina utelezi wa mwani. Shela ndiyo zaidi, mara nyingi mtashushwa kwenye mchanga na kutembea ndani ya maji ya magoti. Kwa hiyo saa ya kuvuka ipange kwa ajili yake. Mizigo haina taabu, hamali wapo wenye mikokoteni na punda, mpatane kabla hajaibeba.

Mimi ningewaweka mjini, si Shela. Vichochoro vya mji vimesakafiwa, vya Shela vina mchanga mwingi na mchanga haupendi goti. Hospitali kubwa ya kaunti, King Fahad, iko mjini, na mashine za kutolea fedha pia. Ngome iko pale uwanja wa Mkunguni na soko liko ubavuni mwake, kwa hiyo mama anaweza kukaa barazani akaangalia watu bila kutembea sana. Ngome ilimalizika kujengwa 1821 na ndani kuna nafasi ya kupumzika kivulini. Makumbusho yako kando ya bahari, na Nyumba ya Kiswahili iko ndani kidogo. Bebeni vitambulisho muuziwe tikiti kwa bei ya raia.

Shela mtakwenda kuogelea. Ni kama kilomita 3. Kijana anatembea dakika 40 hivi, lakini nyinyi chukueni boti kwenda na kurudi. Na mwambie huyo boti awangojee au mpeane saa, kwa sababu baada ya magharibi bei hupanda.

mla_mofa

Napingana kidogo na bint_langoni. Desemba vichochoro vya mji ni joto, kuta zimekaribiana na upepo haushuki chini, na chumba cha chini ndicho chenye joto kuliko vyote. Ukichukua cha chini hakikisha kina feni inayofanya kazi na chandarua kisicho na matundu, mbu wapo na malaria ipo. Watoto nao watataka bahari kila asubuhi. Shela kuna nyumba za chini karibu na jeti ambazo hazina mwendo mrefu wa mchanga. Ziulizie kabla hujakata tamaa nako.

Ila kuogelea na mtoto wa miaka 6 kuwe na mpango. Mbele ya jeti ya Shela maji ya mlango wa bahari yanavuta sana wakati wa kupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Msiogelee hapo, piteni mwende ufuoni kabisa, na uogeshe watoto maji yanapojaa, si yanapotoka. Hakuna mlinzi wa waogaji kwenye ufuo ule, na una urefu wa kama kilomita 12, ukienda mbali hamna hata kivuli. Ng'ambo ya pili, Ras Kitau upande wa Manda, maji huwa matulivu zaidi kwa wadogo. Wanunulie viatu vya mpira, kwenye mawe kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba mieusi.

Mavazi: ufuoni vaa unachotaka, lakini ukirudi kupitia mitaani jifunge leso na mzee wa nyumba afunike mapaja. Hakuna atakayekugombeza, utaangaliwa tu.

konda_wa_zamani

Nami nije kwenye basi, maana hapo ndipo watu wanajidanganya. Kutoka Nakuru si safari ya siku moja. Nakuru hadi Nairobi, treni ya SGR hadi Mombasa, kisha Malindi, mlale. Kesho yake ndipo mpande la Lamu. Kama siku zenu tano zinahesabu na njia, kwenda na kurudi, inabaki moja tu, na mama ana goti. Kama siku tano ni za kisiwani pekee, basi inawezekana.

Basi za kutoka Mombasa huondoka alfajiri na kupita Malindi asubuhi. Malindi hadi Mokowe ni kama kilomita 220. Lami ipo sasa, kinachokula muda ni vizuizi. Kuanzia Garsen magari huweza kwenda kwa ulinzi wa polisi, na watu wazima hushushwa kukaguliwa vitambulisho. Mtu mmoja akisahau chake, gari zima linangoja. Mwambie dereva au konda mapema kuwa kuna mama wa goti, mara nyingi wanamkagua akiwa kitini. Mumnunulie kiti cha mbele upande wa njia aweze kunyoosha mguu, na tikiti za wiki ya Krismasi zikatwe mapema, za kwenda na za kurudi. Kurudi ndiko watu hukwama.

Mvua kubwa ikinyesha bara, Mto Tana hufurika na barabara inaweza kukatika sehemu ya Gamba, kama ilivyokuwa kwenye mafuriko ya mwisho wa 2023. Novemba ikiwa ya mvua nyingi, fuateni habari kabla ya kusafiri.

Basi linaishia Mokowe, bara. Hapo mnavuka kwa boti. Ile ya abiria wengi huchukua nusu saa au zaidi, ya kasi ni dakika chache na ghali. Vijana watawanyang'anyeni mizigo kwa wema mwingi. Shikeni mabegi yenu mpaka mjue mnapanda boti gani na kwa pesa ngapi.

Pendekezo langu ni katikati: nendeni kwa ndege, mrudi kwa basi mkipumzika Malindi. Watoto wataona nguzo ya Vasco da Gama na magofu ya Gede, na mama hatakuwa amechoka kabla likizo haijaanza.

mama_wawili, Nakuru

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mume amekubali ndege ya kwenda. Tarehe ni 18 hadi 23 Desemba. Maswali yaliyobaki: kwenye ndege niangalie nini? Na hilo la bamvua, mtu wa bara atalijuaje? Mama angependa kuona magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda.

mla_mofa

Ndege: soma tikiti ujue ni uwanja gani wa Nairobi. Nyingine huruka Wilson, nyingine JKIA, na kuna watu hufika uwanja usio wao. Ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15 tu kwa mtu, begi la mkononi likiwemo, na wanataka begi laini, si sanduku gumu. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Dawa za mama zikae mkononi, zitoshe siku kadhaa zaidi ya safari. Uwanja uko kisiwa cha Manda, mnatembea kidogo hadi jeti na kuvuka kama dakika kumi. Nyumba nyingi hutuma boti kuwapokea; uliza kama ni bure au itaongezwa kwenye hesabu.

tanga_mbili

Bamvua unaisoma kwa mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa sana na kupwa sana. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwetu huku siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, saa kumi na nusu jioni, na kupwa kama saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Kwa hiyo ukijua siku ya mwezi unaweza kukadiria wiki nzima kabla hujafika, halafu nahodha akusahihishie.

Takwa ndiko hesabu hiyo inakolipa. Mnaingia kwa mkono wa maji unaopita katikati ya mikoko, na maji yakipwa ule mkono unakauka. Chombo kiingie maji yanapojaa bado, na kitoke kabla hayajaenda mbali. Siku ya bamvua maana yake ni kuondoka mjini kama saa nane mchana, kuwa ndani saa tisa, na kuwa mmeshatoka saa kumi na moja. Ukienda asubuhi siku hiyo utashushwa mbali, na mama hatatembea kwenye lile tope. Siku za maji mafu hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, lakini kwa kuwa hayapandi sana, chagua chombo chepesi na si jahazi kubwa.

Kwenyewe ni mji ulioachwa karne ya 17, wenyeji wakahamia Shela. Msikiti wa Ijumaa una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kuna kaburi la nguzo karibu na maji. Kivuli ni cha mibuyu tu. Bebeni maji, hakuna duka.

Kisiwa cha Kiwayu kiacheni. Ni mbali, kinataka kulala huko, na njia ya nje ya kule si ya goti wala ya mtoto.

bint_langoni

Na Takwa mwende siku ya pili au ya tatu, msiiweke ya mwisho. Kaskazi ikivuma kwa nguvu nahodha atasema kesho, na mkiwa hamna kesho mtamlazimisha.

Siku ya kwanza shindeni mjini. Asubuhi na mapema mnunue samaki sokoni, kama nyumba ina mpishi atawapikia wa kupaka. Pesa ya soko iko kando na ya nyumba, mwulizeni na ujira wake. Mahamri na mbaazi utapata Usita wa Mui, ule mtaa mkuu wa ndani ya mji, kabla jua halijapanda. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, lakini boti na hamali wape taslimu, noti ndogondogo.