Mahakama ya mwanzo kwetu ina hakimu mmoja, wakituongezea wa pili ndio dawa?

Mjukuu wa Nyamizi
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mnieleweshe maana mi sheria sijasoma. Tuna shauri la mirathi ya mzee wetu mahakama ya mwanzo huku kanda ya ziwa, tulifungua mwaka jana mwezi wa tano na wala sio ugomvi mkubwa, ni baba mdogo mmoja tu kaweka pingamizi kwamba kikao cha ukoo hakushirikishwa (kwenye muhtasari sahihi yake ipo, kaweka mwenyewe, ila hayo tuyaache). Sasa hakimu ni mmoja anahudumia mahakama mbili, kwetu anakuja jumanne na alhamisi. Ukienda jumanne unaambiwa yuko semina, ukienda alhamisi faili halionekani, likionekana baba mdogo ndo hayupo, basi linatajwa tu mnapewa tarehe nyingine. Bodaboda elfu kumi kwenda na kurudi na mama mwenyewe magoti yanamsumbua. Juzi diwani kwenye mkutano kasema wameomba hakimu wa pili, watu wakapiga makofi. Mi nauliza, huyo wa pili atapunguza mafaili au tutakuwa na wawili wa kuahirisha?

Wakili wa Kijiweni
Wawili wa kuahirisha 😂😂 umenimaliza mkuu.
Ila seriasi, mahakama yenyewe imejiwekea muda, shauri la mahakama ya mwanzo likivuka miezi 6 linahesabika mlundikano, yaani limepitiliza muda, la wilaya na hakimu mkazi ni miezi 12, Mahakama Kuu miaka miwili. Lenu limeshavuka zamani. Andikeni barua kwa hakimu mfawidhi wa wilaya, yeye ndo msimamizi wa mahakama za mwanzo zote za hapo na mahakama ya wilaya ina mamlaka ya kuitisha jalada ikalikagua. Andika kistaarabu, weka namba ya shauri na tarehe zote mlizoahirishiwa, usianze kumtukana mtu humo.

Karani Mstaafu
Mwanangu mimi nimekaa masjala miaka mingi ngoja nikwambie kinachokula muda. Hakimu wa mahakama ya mwanzo ushahidi anauandika kwa mkono wake, shahidi anaongea yeye anaandika, anamsimamisha, anamuuliza tena, akimaliza anamsomea alichosema. Shahidi mmoja muongeaji anakula asubuhi nzima. Halafu watu wa mafaili ishirini wote wameitwa saa tatu! Yatasikilizwa mawili au matatu, yaliyobaki hata angekuja malaika lazima yatajwe tu. Kwahiyo ndio, hakimu wa pili anasaidia, anayebisha hajawahi kukaa pale. Lakini aje na karani wake, na chumba chake. Nimeshaona hakimu mpya analetwa kituo chenye chumba kimoja, wanapokezana meza, huyu asubuhi yule mchana, mwisho wa mwaka mafaili yaleyale. Na samansi, ile karatasi ya wito, nani anapeleka? Kama hakuna nauli ya kuipeleka, mdaawa (mwenye kesi au anayedaiwa) haji, asipokuja unaahirisha, hapo hata mahakimu kumi hawasaidii kitu.
Lingine, usiombe hakimu ahamishwe katikati ya ushahidi. Anayekuja anakuta maandishi ya mwenzake hayasomeki.

Binti Ujiji
Mzee shikamoo. Nakubali hayo ya chumba ila watu msikate tamaa na kuongeza. Sie Kigoma zamani Mahakama Kuu yetu ilikuwa Tabora, rufaa yako unaifata kwa treni usiku kucha, unafika umechoka unaambiwa tarehe imesogezwa, watu waliacha haki zao kwa sababu ya nauli tu. Musoma nao hivyohivyo walikuwa wanaenda Mwanza. Siku hizi majaji wapo hapahapa Kigoma. Sasa nani ataniambia haijasaidia?
Na kuna njia nyingine hamjaitaja, wale mahakimu wakazi wenye mamlaka ya nyongeza. Kesi ya mauaji ambayo ni ya jaji inahamishiwa kwake anaisikiliza, na asiporidhika mtu rufaa inaenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani kama vile ilitoka kwa jaji. Mahabusu wangapi wametoka kwenye foleni kwa njia hiyo.

Mjukuu wa Nyamizi
Asanteni sana, mzee shikamoo na mimi. Kumbe anaandika yote kwa mkono, nilikuwa namuona kainama tu nikajua anachelewesha makusudi. Swali jingine, kwanini mirathi zisitengewe hakimu wake? Maana tukienda tunachanganywa na wizi wa kuku na matusi.

Wakili wa Kijiweni
Dar wameshafanya mkuu, kile kituo jumuishi cha Temeke ni cha mirathi na ndoa, ngazi zote ziko jengo moja kuanzia mahakama ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu. Ila kwenu yenye hakimu wa siku mbili kwa wiki nani atakutengea. Na hata mkishinda hilo pingamizi msilale, msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kurudisha fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, halafu kuna fomu namba 6 ya hesabu, hiyo anairudisha kwa muda atakaopangiwa na mahakama. Wengi wanajisahau hapo, faili linabaki wazi linahesabika halijaisha, halafu tunalalamika mlundikano.

Karani Mstaafu
Marahaba wote. Hiyo ya fomu ni kweli tupu. Nimestaafu nimeacha kabati zima la mirathi za watu walioshika barua ya usimamizi wakapotea moja kwa moja.

Mjukuu wa Nyamizi
Barua nimeshaandika, jumatatu naipeleka wilayani. Alhamisi tunatajwa tena, saa tatu kama kawaida. Nitaleta mrejesho.