Mvuvi wa mshipi abebe vifaa kiasi gani anapotoka kwa ngalawa Mtwara?

Jirani wa Shangani

Ndugu zangu, habari za kazi, na wakubwa wangu nawaamkia shikamooni. Ninaishi Shangani, Mtwara Mjini, na siku za mapumziko hutoka kuvua kwa mshipi nje ya ghuba ya Mikindani, mara nyingine upande wa Msimbati, kwa ngalawa ninayokodi kwa mzee mmoja anayetoka pamoja na kijana wake. Hubeba rodi tatu na rili zake, sanduku la chambo cha bandia, mfuko wa chubwi, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, za kila uzito, ndoana za karibu kila namba inayouzwa sokoni, deli la barafu na begi la nguo. Mzee mwenyewe hutoka na mishipi miwili iliyozungushwa kwenye vipande vya mti, kopo la ndoana na kisu. Ameniambia kwa upole kwamba mzigo wangu unakielemea chombo, nami naona anasema kweli. Tatizo ni kwamba sijui kipi kiachwe, kwa sababu huku kwetu unaweza kuwa unavua changu mwambani, ghafla kolekole au nguru wakapita karibu, na kila samaki ana mahitaji yake. Wenye uzoefu huamuaje?

Bamvua

Ndugu yangu, marahaba. Uamuzi huo haufanyiki mbele ya sanduku, unafanyika kwa kutazama mwezi na upepo. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wa milangoni mwa ghuba huwa na nguvu kiasi kwamba chubwi ya gramu 100 haifiki chini. Inaburutwa tu, na mshipi unalala. Siku za maji mafu, yaani maji yanapopanda na kushuka kidogo, chubwi hiyo hiyo inatosha kabisa. Kwa hiyo mtu anayejua anatoka siku gani ya mwezi hana sababu ya kubeba chubwi za kila uzito: atachukua uzito wa aina mbili, lakini kila aina aichukue kwa wingi, maana mwamba unakula.

Hapo kwenye mwamba nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo vifaa vingi hupotelea na ndiyo sababu watu hubeba mno. Chubwi usiifunge kwenye mshipi wenyewe. Ifunge kwa uzi mwembamba zaidi, wenye nguvu ndogo kuliko mshipi, ili ikinasa kwenye matumbawe ukatike uzi ule peke yake, nawe ubaki na ndoana yako na mshipi wako mzima. Ukifanya hivyo, huna haja ya kununua chubwi ya risasi ya dukani kwa sehemu zenye mawe mengi. Plagi kuukuu ya pikipiki au nati kubwa inatosha.

Jambo la pili ni unene wa mshipi. Mshipi mnene hushikwa zaidi na mkondo, na ukishikwa unadai chubwi nzito zaidi ili ufike chini. Nyuzi za kusokotwa ni nyembamba kuliko nailoni yenye nguvu ile ile, na hazivutiki, hivyo samaki akigusa chambo kwenye kina kirefu unamsikia mara moja. Kasoro yake ni kwamba zikisugua matumbawe hukatika upesi, kwa hiyo mwisho wake unganisha pima moja au mbili za nailoni nene. Mtu akipunguza unene wa mshipi, mfuko wa chubwi nao unapungua wenyewe.

Kwa ndoana, changu na tasi wanataka ndogo, chewa anataka kubwa, basi. Namba za katikati ziache nyumbani. Na rodi moja inatosha ngalawani, kwa sababu matengo, ile miti ya ubavuni inayoizuia ngalawa isipinduke, ya pande zote mbili hayakupi nafasi ya kuizungusha, na kijana anayeshughulika na tanga anahitaji kupita.

Mwana Kitunda

Naunga mkono, ila niongeze ya kwetu Lindi, ambako wengi wetu huvulia ndani ya ghuba, karibu na mikoko ya mdomo wa mto Lukuledi. Huku chini ni tope wala si mwamba, kwa hiyo chubwi hazipotei, na ninatoka na mshipi mmoja, ndoana chache na chambo cha kamba au ngisi. Kitu ambacho siachi kamwe ni plaizi. Hongwe ni wengi, na miiba yake ya mgongoni na ya mapezi ya ubavuni ina sumu inayouma vibaya sana. Ukitaka kumtoa ndoana kwa mkono mtupu wakati chombo kinayumba unajitafutia taabu. Bunju naye hung'ata mshipi na kuukata, na yeye haliwi kwa kuwa sumu yake inaua, basi kata uzi umrudishe majini.

Pepo za Kusi

Mimi natofautiana kidogo na Bamvua kuhusu rodi moja. Anayerambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, kutafuta nguru kwa boti ya faiba anahitaji mishipi miwili nyuma ya chombo, na akatikiwa mmoja hawezi kuanza kufunga upya huku kundi linapita. Hata hivyo naafiki kwamba ngalawa ni habari nyingine. Ninachosisitiza ni kwamba nafasi inayopatikana baada ya kupunguza vifaa isijazwe na vifaa vingine. Iwekwe jaketi okozi kwa kila mtu, dumu la maji ya kunywa, kata ya kufulia maji yanayoingia chomboni na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopenya maji. Msimu wa kusi upepo huweza kukaza mchana ukiwa bado mbali na pwani, na wakati huo sanduku zito halina msaada wowote kwako. Na kwa upande wa Msimbati kumbuka uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo waulize wahusika masharti ya uvuvi kabla ya kutoka.

Jirani wa Shangani

Nashukuruni sana. Kwa hiyo nabaki na rodi moja, mshipi mmoja wa mkono, uzito wa chubwi wa aina mbili, ndoana za aina mbili, plaizi na kisu. Deli nitabadilisha nichukue dogo. Swali langu la mwisho: je, waya kwa ajili ya nguru nao nibebe, au ni mzigo?

Bamvua

Beba. Meno ya nguru hukata nailoni kama wembe, na kipande cha waya chenye urefu wa shibiri mbili, kilichokwisha kufungwa ndoana nyumbani, hakina uzito wowote. Vikunje viwili au vitatu uviweke kwenye kopo moja na ndoana zako. Usivitumie kwa changu, kwa kuwa changu akiuona waya hasogei. Ukirudi, suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi na uanike kivulini, kwa sababu ukiwa na vifaa vichache, kimoja kikishika kutu safari inayofuata huna cha kushika mahali pake.